Jua la Pamba na Jua la Kaniki

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya karakana ya vyuma.
Jumapili asubuhi, nikiwa kizingitini.

Mpendwa dada yangu, uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutambaa,

Shikamoo, dada. Najua utaitikia kwa sauti huko chumbani kwako kana kwamba nimesimama mlangoni, kwa hiyo nangoja kidogo hapa uitikie.

Haya. U hali gani? Nauliza hali ya mwili na hali ya moyo, zote mbili, usinijibu moja ukaificha nyingine. Magoti je? Kwenye barua yako uliandika kwamba mifupa inauma hata ukiwa umelala, na kwamba ngazi za hiyo nyumba ya wazee unayofanyia kazi unazipanda kwa kushika ukuta, mpaka yule bibi wa miaka tisini akakuuliza kama akuazime fimbo yake. Nilicheka, dada. Kisha nikaacha kucheka. Hilo nitalirudia mbele, maana siku hizi nina la kusema juu yake.

Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baba Pamba mzima, bado anachomelea mageti na madirisha hapo mbele, na bado anarudi na macho mekundu kwa sababu miwani yake ya kazi haishi kuazimwa. Mimi nimekonda kidogo. Ukiniona utasema nimevaa nguo zako.

Sasa watoto. Nimeandika "watoto hawajambo" nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena, ndiyo maana hapa karatasi imekwaruzika. Keti kwanza, dada. Kama uko kazini, isome ukifika nyumbani.

Kaniki ana matege. Sisemi ile miguu ya mtoto mnono ambayo hunyooka yenyewe. Ni miguu iliyopinda kama upinde. Akisimama, katikati ya magoti yake mpira unapita bila kumgusa. Vifundo vya mikono vimevimba, utadhani amevishwa bangili ndani ya ngozi. Unakumbuka nilikuandikia kwamba amechelewa kutembea, nikamtania kwamba ni mvivu kama baba yake siku ya Jumapili? Hakuwa mvivu. Alikuwa anaumwa. Alipoanza kusimama alilia, nami nikadhani ni deko la mtoto wa mwisho. Akinyoosha mikono abebwe, namwambia tembea baba, wewe mwanamume. Mtoto wa miaka miwili na nusu, dada. Kumbe namwambia atembelee kitu kinachopinda.

Naomba nianzie mbali, kwa sababu wewe uliondoka mapema kwenda ng'ambo, na ile miezi ya mwisho ya mama hukuiona.

Ulimwacha mama ana kidoa sikioni, kama ganda la kitunguu. Baadaye kikashuka shavuni. Mimi ndiye niliyekuwa nakisafisha, na harufu ya kile kidonda ninayo mpaka leo, nikifungua tu chupa ya dawa ya vidonda nampata mama. Hata hivyo alitania. Siku moja jirani alimwuliza, "Mama, hicho kidonda bado?" Akamjibu, "Bado, kinalipa kodi." Akafa akiwa mwepesi, nilimgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo Pamba alipozaliwa, mkunga akamfunua, nikaona nywele nyeupe na kope nyeupe za mama yetu, ualbino wake mtupu, moyo wangu ulifanya mambo mawili mara moja. Ulimfurahia mama karudi. Na ulisema, jua, huyu humpati. Ulishakula mmoja, inatosha.

Wewe nawe ulisema hivyo hivyo, bila sisi kuambiana. Mwezi haukupita ukatutumia yale mapazia mazito meusi, waliyokuwa wanayabadilisha kwenye hiyo nyumba ya wazee. Baba Pamba aliyatundika kwa vyuma vyake mwenyewe, nyundo kwa nyundo, akasema hata jua likija na shoka haliingii. Tukawa tunaishi kama ndani ya sanduku. Pamba alikua bila kidoa hata kimoja, na mimi nikitembea kifua mbele.

Kisha akaja Kaniki, mweusi anayeng'aa kama kalowekwa kwenye mafuta. Yule jirani yetu muuza mkaa alimshika, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Pamba, huyu usiku umwambie acheke ndiyo umwone! Umezaa pamba, umezaa na kaniki, sasa fungua duka la nguo." Majina yakashika hapo hapo.

Niliyofanya baadaye, dada, nilifanya kwa mapenzi, na ndiyo maana yananiuma hivi. Kila nilipomtoa Kaniki nje, Pamba alibaki mlangoni, kaegemeza paji la uso kwenye ubao, analia bila sauti. Yale machozi ya kimya ndiyo yaliyonishinda. Nikajiambia, watoto wa tumbo moja, mmoja anacheza nje na mwenzake anafungiwa, hiyo si haki. Mdogo asionje anachonyimwa mkubwa. Basi wote wakacheza ndani. Tulitoka jua likishazama, tukazunguka karakana, tukarudi. Mama mkwe alipokuja kututembelea alisema mtoto bila jua ni kama nguo isiyoanikwa. Nikamjibu kwa heshima, lakini moyoni nikasema huyu hakumwuguza mama yangu.

Pale dirishani pazia halifiki vizuri pembeni, na kuna utepe wa mwanga unaoingia kupitia kioo. Kaniki alikuwa akiufuata kama paka. Unasogea, naye anasogea. Nikafurahi, nikasema basi na yeye anapata kidogo.

Tulipompeleka hospitali tulikutana na daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye sauti ya kuuzia samaki. Alimshika Kaniki miguu, akambonyeza mbavu, kisha akaniuliza, "Huyu mtoto jua linamwona saa ngapi?"

Nikajibu kwa kujivuna, dada. Nikamwambia, "Halimwoni kabisa, daktari."

Akaweka kalamu chini. Akamtazama Pamba, kavaa kofia, kajibanza nyuma ya gauni langu. Akarudi kwangu, na ile sauti yake ikashuka kabisa. "Aa, mama," akasema. "Sasa nimeelewa."

Alinieleza taratibu, nami nakueleza wewe kama nilivyoshika. Kuna kitu kinaitwa vitamini D, mwili unakipika wenyewe kwenye ngozi, na kuni zake ni jua. Kikikosekana, hata mtoto anywe maziwa ya zizi zima, mfupa hauyashiki. Unabaki laini, na akisimama uzito wake mwenyewe unampinda. Na kile kioo chetu kilikuwa kinanidanganya. Kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini zile kuni zenyewe kinaziacha nje. Mwanangu alikuwa anaota moto wa picha.

Akaniambia ngozi nyeusi ni mwavuli ambao mtu anazaliwa nao. Unamkinga asiungue upesi, ingawa mwavuli si ukuta, na mweusi akizidisha jua huungua pia. Ila kwa kuwa una kivuli, chungu chake kinachelewa kuiva. Mweusi anahitaji kukaa juani muda mrefu kuliko mweupe ili apate kile kile. Pamba hana mwavuli huo. Yeye chungu chake kinaiva mara moja na kuungua mara moja. Miale michache inayomgusa njiani, akiwa kajifunika, inaweza kumtosha, na isipotosha ipo vitamini ya matone. Jua likizidi kwake linaharibu ngozi ndani, kidogo kidogo, bila kelele, na miaka inapita kabla kidonda hakijajitokeza.

Hapo nikamwuliza kuhusu mama. Akasema kidonda kama kile hakianzi siku mnayokiona. Kinaanza zamani. Dada, zamani ni lini? Ni pale mama alipokuwa anafua nguo za watu uani, jua la utosi, kichwa wazi, ili sisi tuvae sare. Sisi tukiwa miguuni pake tunapuliza povu na kulipasua. Tulikuwa tunacheza, na kitu kile kilikuwa kinaanza juu ya vichwa vyetu. Nimeshindwa kulitoa hili kifuani, nimeona nikugawie. Nisamehe.

Tulirudi nyumbani Baba Pamba kambeba Kaniki mabegani. Kufika, alipanda kwenye stuli akashusha pazia. Vumbi likaruka, chumba kikawa cheupe, nikaona kuta zetu zilivyo chafu.

Kesho yake nikamtoa Kaniki uani, kavaa suruali fupi tu. Pamba nilimwacha ndani na vikorokoro vyake. Nilidhani Kaniki atafurahi. Alitazama chini, akaona kivuli chake, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia. Anakimbia kwa ile miguu, kivuli kinamfuata. Anaanguka, kivuli kinaanguka naye. Nilimbembeleza, nikamwonyesha changu, akatulia kidogo. Ndipo nikasikia harufu ya sufuria inaungua, nikamkalisha, nikaingia jikoni.

Nikiwa jikoni nikasikia yowe tena, halafu sauti ya Pamba: "We! Mwache mdogo wangu! Shika adabu yako!" Halafu vicheko. Vicheko vya wote wawili, dada, vya mpaka kupaliwa. Nilidhani Pamba yuko dirishani. Nikasema moyoni, wacha wacheke, lini nimesikia wanacheka hivi? Nikaendelea kukwangua sufuria, na mimi nacheka peke yangu.

Nilipotoka, Pamba alikuwa katikati ya uwanja, kavaa singlendi, kichwa wazi, anakikanyaga kivuli cha mdogo wake kwa miguu miwili. "Nimekiua, mama! Tazama, nimekiua mara nyingi!"

Mabega yake yalitoka malengelenge kama aliyemwagiwa maji ya moto. Tukarudi hospitali, kwa daktari yule yule. Alitutazama mlangoni, mmoja kaumizwa na kukosa jua, mwingine kaumizwa na kulipata, na mimi katikati nimewashika mikono. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu.

Wakati anapakwa dawa Pamba aliniuliza, "Mama, kwa nini jua linampenda Kaniki peke yake?"

Baba yake, aliyetufuata kutoka kazini, ndiye aliyekunja mkono wa shati, akamwonyesha makovu ya cheche mkononi. Akamwambia, "Jua ni kama moto wangu wa kazini. Moto hauna mpenzi, mwanangu. Unamjua aliyevaa na asiyevaa, basi." Pamba akafikiri, akasema, "Basi mimi nivalishwe."

Mabega yamepona, ngozi imebambuka na mpya imetoka, nyekundu bado. Daktari anataka kumwona kila baada ya miezi michache, amkague mgongo, masikio, midomo, asije akapitwa na kidoa. Nami namkagua kila nikimwogesha. Huyu naangalia ngozi, yule naangalia miguu. Siku nyingine nawafunga taulo upesi upesi ili wasinione uso.

Habari ya Kaniki, nakuambia kama nilivyoambiwa, sikuongezi utamu. Anapewa matone ya vitamini D kila siku na dawa ya kutia nguvu mifupa, na jua la asubuhi, mikono na miguu wazi. Daktari anasema kwa umri wake mifupa mingi hujirudi. Mguu wa kulia ana matumaini nao. Wa kushoto umepinda zaidi, na kama hautanyooka, huko mbele watalazimika kuukata mfupa na kuupanga upya. Hajaniahidi kitu. Nimemshika mkono nikimwomba aniahidi, akasema, "Mama, nikikuahidi nitakuwa nakupumbaza."

Lakini nimtoe vipi huyu bila kumfungia yule? Hilo lilininyima usingizi kuliko matone. Ndipo Baba Pamba akaokota vipande vya bomba la mraba karakanani, na magurudumu ya toroli bovu la sokoni. Alichomelea siku mbili, mimi nadhani ni kitanda cha mteja. Kumbe ni kibanda, dada! Kimo kinampita Pamba kidogo, kina paa na kuta tatu, na kwa nyuma kuna bomba la kushikia. Likabaki swali la kukifunika kwa nini. Tukatazamana. Lile pazia lako lilikuwa limekunjwa pembeni kama mgeni aliyeambiwa aondoke. Nililishona mwenyewe kwa mkono, vidole vikatoboka.

Sasa kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Pamba anavaa mikono mirefu, kofia pana na ile miwani uliyomtumia, anapakwa mafuta yake ya kuzuia jua, anaingia ndani ya kibanda. Kaniki anashika bomba kwa nyuma, juani, kifua wazi, anasukuma. Anatembea kwa kushikilia, unaona? Akichoka anaegemea. Akianguka, mwenzake anamngoja. Jirani muuza mkaa siku ya kwanza alipiga kelele, "Haya, harusi ya nani hiyo inapita?" Pamba akatoa kichwa: "Nafasi iko moja, nauli kwanza!" Uani kote watu wakacheka. Mimi niliingia ndani nikalia, lakini kilikuwa kilio cha nafuu, cha kulia huku nafungua dirisha.

Kwa hiyo, dada, usithubutu kujilaumu kwa yale mapazia. Nakufahamu, umeshaanza, tangu ile aya ya juu. Mimi niliyafunga, wewe uliyatuma, na sote wawili tulikuwa tunamzuia mama asife mara ya pili. Pazia lako halikutupwa. Liko nje linafanya kazi.

Ila nina ombi, na hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wewe ni mweusi kama Kaniki. Mwavuli wako ni ule ule. Na uko kwenye nchi ambayo unasema jua linatoka kama mgeni asiye na mzigo, unafanya kazi usiku, mchana unalala nyuma ya pazia kama haya haya. Mifupa inauma. Ngazi zinakushinda. Nilimsomea daktari kipande kile cha barua yako. Hakusema ni nini, alisema hawezi kujua bila kukuona, lakini mtu mweusi mwenye maisha ya namna hiyo apimwe damu, aangaliwe hiyo vitamini D, apewe dawa kwa kipimo na siyo kwa kubahatisha dukani.

Nenda, dada. Usiseme utakwenda mapumziko yakifika. Usiseme ni uzee, una miaka thelathini na tisa. Mimi mama sina tena, mama nimebakiwa na wewe. Jua lilimchukua mmoja kwa kuzidi, sitaki linichukulie wa pili kwa kupungua. Nitakuwa nangoja neno lako moja tu, "nimekwenda".

Baba Pamba anakusalimu sana, anasema ukija atakuchomelea kibanda chako mwenyewe, ila chako hakitakuwa na paa. Mama mkwe anakusalimu, siku hizi namwita kwa adabu ya kweli. Muuza mkaa anakusalimu na anauliza kama huko mnatumia mkaa, aje kuufanyia biashara. Pamba anakusalimu, ameweka kidole chake cha mafuta hapo pembeni ya karatasi kama sahihi. Kaniki anakusalimu kwa kelele. Nisalimie na yule bibi wa fimbo, mwambie asiiazime.

Mungu akutazame unapolala mchana na unapoamka usiku. Akupe jua la kiasi chako, lisikuzidi, lisikupite.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, uliyemwachia mama amwuguze,

Mama Pamba.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi nikaifungua tena. Kaniki ameachia bomba. Amepiga hatua zake peke yake, za kuyumba, akikifuata kivuli chake ukutani, kile kile alichokuwa anakikimbia. Pamba amekisukuma kibanda mbio akiwa humo humo ndani, akihofia mdogo wake ataanguka, akamfunika, na kivuli cha mdogo wake kikapotea. Kaniki akaangua kilio: "Kiko wapi changu? Kirudishe!" Pamba alisimama kidogo humo gizani na kofia yake. Kisha akarudi nyuma na kibanda chake, pole pole, akamwachia mdogo wake jua.